Siku moja maishani mwangu: daktari wa kusoma picha za kichwa

Saa 1 asubuhi. Napokea zamu, nakaa gizani mbele ya skrini, nasoma vifua na mifupa iliyovunjika. Wengi hudhani mashine ikishapiga picha jibu linatoka lenyewe, na mimi kazi yangu kutia sahihi.

Saa 4. Kipande cha chuma kimemrukia mtu kazini, kikaingia kwenye paji la uso. Chuma hakijifichi. Shida yake ni michirizi inayotawanyika kwenye picha hadi ubongo wa pembeni hausomeki. MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, hapo ni marufuku, sumaku inaweza kukisogeza. Ripoti imetoka.

Saa 6 na nusu ndipo siku ilipoharibika. Karatasi ya maombi: “Ajali. Kichwa.” Basi! Nampigia aliyeandika, hapokei. Naenda mwenyewe. Kijana, kidonda kidogo kwenye kope la juu, wala hakitishi. Mama yake anasema alianguka juu ya kijiti, wakakichomoa. Kilikuwa kizima? Hakuna aliyekiangalia.

Narudi kwenye CT, picha za eksirei zinazoonyesha kichwa kipande kwa kipande, vipande vya milimita 1. Dari ya tundu la jicho, mfupa mwembamba kama ganda la yai, imetoboka. Juu yake, ndani ya ubongo, mstari mweusi. Simu ya daktari wa upasuaji, ya tatu sasa.

“Daktari, ripoti?”

“Nipe dakika kumi, mkubwa.”

“Si hewa tu hiyo? Nimeiona hapa.”

Hapo ndipo watu wanaponaswa. Kwenye kipimo cha Hounsfield, kinachoonyesha kitu kinazuia eksirei kiasi gani, maji ni 0, hewa ni -1000, na mti mkavu uko katikati ya hapo kwa sababu umejaa hewa. Ukiangalia skrini kwa mpangilio wa kawaida wa kuonyesha ubongo, vyote viwili ni weusi mtupu. Lakini mgonjwa akilala chali, hewa hupanda mbele na kujikusanya chini ya paji. Hii ilikuwa imenyooka, kingo sambamba, inaelekea nyuma. Nikapanua kipimo cha kijivu hadi weusi ule ukaanza kuachana: mistari hafifu ndani yake, ya nyuzi za mti. Nikapima. Si hewa.

Simu tena. Safari hii nilimwambia asubiri, na sauti sikuipunguza. Tukamrudisha kijana kwenye mashine, akachomwa dawa ya kuonyesha mishipa, maana kitu kilichokaa ndani huenda ndicho kinachoziba damu, na kukiacha nako ni kukaribisha jipu la ubongo. Mishipa mikubwa ilikuwa salama. Nikaandika: kuna kipande cha mti, kisichomolewe nje ya chumba cha upasuaji.

Chakula cha mchana sikukiona. Foleni ilikuwa imejaa, mgongo unauma, jua nadhani lilishazama, ndipo simu ikaita.

“Kilikuwa kijiti kweli. Ncha yote imetoka.”

Nikasubiri ahsante.

“Sasa daktari, ile CT ya shingo niliyoomba mchana, ripoti iko wapi?”