Riseti iliyogeuzwa mara mbili

Kiraka cha kwanza, yaani pendekezo la mabadiliko ya msimbo, nilichoombwa kukikagua kilikuwa kifupi: faili la YAML (maandishi yenye mpangilio maalumu) linaloonyesha jinsi chipu ya mtandao inavyoelezwa kwa kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, likiongezewa sifa moja, reset-gpios, yaani pini ambayo kerneli huitumia kuiriseti chipu hiyo. Nikaendesha make dt_binding_check, amri inayokagua faili la namna hii, ikapita bila neno. Nilikuwa karibu kukikubali.

Kilichonizuia ni mfano ulio mwishoni mwa faili. Pini imeandikwa GPIO_ACTIVE_HIGH, yaani riseti huanza volti ya pini ikiwa juu, lakini kwenye hati ya mtengenezaji jina la pini hiyo lina kistari juu yake, maana yake chipu huwa kwenye riseti pini ikiwa chini. Programu ya ukaguzi haiwezi kuliona hilo. Kwake ni tarakimu tu, 0 au 1.

Nikamwuliza mwandishi. Akajibu kuwa kwake bodi inafanya kazi bila shida, na kweli hakudanganya. Nilipoisoma draiva yake, programu inayoiendesha chipu hiyo, nikaelewa: ilikuwa ikiandika 0 kuanza riseti na 1 kuiachia. Sasa, katika gpiod_set_value, amri ambayo draiva huitumia kuweka hali ya pini, 1 haimaanishi volti ipande. Inamaanisha riseti ianze, na kerneli yenyewe ndiyo hugeuza ishara pale maelezo ya maunzi yanaposema ACTIVE_LOW, yaani riseti huanza pini ikiwa chini. Kosa la maelezo na kosa la draiva yalikuwa yamefutana. Makosa ya namna hii ndiyo nayaogopa zaidi, kwa sababu kila jaribio la mezani linafaulu.

Nikang'ang'ania yarekebishwe yote mawili kabla kiraka hakijaingia. Maelezo ya maunzi hukaa na bodi kwa miaka, na hata U-Boot, programu inayoiwasha bodi kabla ya Linux, huyasoma. Ukija kuinyoosha draiva peke yake baadaye, bodi za zamani zitawaka chipu ikiwa imebaki kwenye riseti.



Toleo la pili likaja: mstari mmoja umebadilika kwenye mfano, miwili kwenye draiva. Nikafungua tena ile hati, nikatazama kile kistari, ndipo nikaandika Reviewed-by, alama ya kwamba nimekikagua kiraka na kukikubali.