Siku yangu moja Mlandege, Unguja, na Windows iliyogoma kumjua mwenyewe

Saa mbili na nusu asubuhi nafungua kibanda changu cha kutengeneza komputa, chai ya rangi na chapati mkononi, meza imejaa matumbo ya komputa za watu. Ya kwanza leo ni ya bi mkubwa mmoja wa Mwanakwerekwe anaechapa mitihani ya skuli. Umeme ulirudi kwa kishindo ukaiua madabodi, ule ubao mkuu unaobeba vyuma vyengine vyote, jana nkamfungia nyengine, ramu (kumbukumbu ya muda) nkaongeza, diski nkaiacha ile ile maana kazi zake zote zimo humo.

Saa tatu. Naiwasha, inawaka vizuri, mafaili yote yapo, nishaanza kujisifu kimoyomoyo, mara kona ya chini kulia yanatokea yale maandishi ya kijivu ya kudai leseni ya Windows. Khaa! Nkaingia setingi, kosa 0xC004F211, yaani imeona vyuma vimebadilika. Wateja wengi wanadhani leseni inakaa kwenye diski. Siyo. Windows 10 na 11 inaijua mashine kwa vyuma vyake na madabodi ndo mkubwa wao, ukiitoa hiyo kwa Microsoft umekuja na komputa nyengine kabisa. Ramu peke yake kwa kawaida wala haishtuki.

Saa nne jirani yangu kapita, "Yakhe si upige kraki tu, dakika mbili." Kraki ni kiprogramu cha wizi cha kuiruka leseni. Mie sipigi tena. Nyingi zinakutaka uzime ulinzi wa virusi kwanza, yaani unamfungulia mwizi mlango halafu unampa na taa.

Nkaandika slmgr /dli, amri ya kuuliza leseni ni ya aina gani, ikajibu RETAIL, nkashukuru, maana ingekuwa OEM ile inayokuja na mashine toka kiwandani imefungwa na madabodi yake, ikifa ndo imekufa nayo. Retail inahamishika. Basi nkampigia bi mkubwa nimuulize ile namba ya leseni ya herufi 25. "Mwanangu, kile kikaratasi nadhani nlikitupa pamoja na boksi."

Saa saba, nshasali adhuhuri. Imebaki njia ya akaunti ya Microsoft, na bahati leseni ilikuwa imeunganishwa nayo kabla ya vyuma kubadilika, ila akaunti alifunguliwa na mpwa wake na mpwa mwenyewe sasa yuko Maskati, kodi, yaani zile namba za siri za kuingilia, inaingia kwenye simu yake yeye. Yuko kazini. Tukangoja. Nikatengeneza printa mbili hapo katikati, sina la kusimulia.

Saa kumi mpwa kapiga, kodi ya kwanza kaisoma taratibu mpaka muda ukaisha, ya pili ikakubali. Nkabonyeza ile sehemu ya kutatua matatizo, nkachagua kwamba nimebadilisha vyuma karibuni, ikaja orodha ya mashine mbili, zote zinaanza na DESKTOP na vitarakimu vya ajabu ajabu. Moja ya bi mkubwa, moja ya mpwa. Tukabishana kwenye simu ipi ni ipi, tukapata, nkaweka tiki kuwa hii ndo ninayoitumia sasa hivi. Ikakubali!

Saa kumi na moja bi mkubwa kaja na kikapu chake. Kaitazama, kavaa miwani, kaitazama tena.

"Sasa kutwa nzima umefanya nini mwanangu, mbona mie naiona ile ile?"

Nkamuonesha kona ya chini kulia.

"Hapana kitu hapo."

"Ndo hichohicho, mama."