Nilivyowafanya wasikilizaji wangu wakae na ngoma wasiyoijua

Kipindi changu cha jioni ni cha nyimbo mpya tu, kwenye redio ya umma hapa Dar es Salaam. Wanaonisikiliza si vijana peke yao. Wapo akina mama walio jikoni, madereva wa daladala, na wazee ambao redio zao hazijahama stesheni tangu enzi za RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya taifa ya zamani. Kuwapigia watu hawa wimbo wa kijana wa Mburahati ambaye hajawahi kusikika popote ni kazi ngumu, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya mbele ya maiki.

Kilichonisaidia zaidi ni kurudia. Wimbo mgeni ukipigwa mara moja, unapita kama daladala lisilosimama kituoni: mtu ameliona, lakini hakupanda. Nikaacha kuijaza saa nzima kwa nyimbo nyingi. Nachagua chache, nazipiga leo, kesho tena, na wiki ijayo bado zipo. Jina la msanii nalitaja kabla ya wimbo na baada yake. Hilo la baada ndilo lenye faida, maana mtu huuliza "nani huyu?" wimbo ukishamkolea, si kabla. John Peel, aliyetangaza BBC Radio 1 tangu 1967 hadi alipofariki 2004, aliwahi kuupiga wimbo wa kundi changa la Undertones mara mbili mfululizo, mwaka 1978. Mimi sijathubutu kufanya hivyo, ila naelewa kabisa kilichomsukuma.

Mtihani mkubwa ulikuwa singeli. Mapigo yake yanafika 200 kwa dakika na kuzidi, na kwa sikio lililolelewa na dansi na taarabu inakuja kama vurugu. Wapo walionishauri niiachie stesheni za vijana. Sikukubali. Singeli imezaliwa kwenye mitaa yetu wenyewe, Manzese, Tandale, Mburahati, na redio inayoendeshwa kwa kodi ya wananchi haiwezi kuwaruka wananchi hao. Nilichofanya ni kuitafutia ndugu zake. Kabla ya singeli napiga mchiriku, ule wa vinanda vidogo vya Casio uliokesha kwenye shughuli za uswahilini miaka ya tisini. Mara nyingine natanguliza taarabu, kwa sababu maprodyuza wa mwanzo wa singeli walichukua vipande vya taarabu, wakaviharakisha na kuvizungusha hadi vikawa biti. Nasema sentensi mbili tu kueleza undugu huo, kisha naachia.

Jioni moja mzee mmoja alipiga simu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kinanda cha kwanza nakijua, tumekesha nacho sana Temeke. Sasa huyu wa pili mbona anakimbia hivyo?"

"Ni mjukuu wa hicho kinanda, mzee."

"Basi kesho mrudishe, nimsikie vizuri."

Nilimrudisha, na tangu siku hiyo singeli haijatoka kwenye kipindi.

Nyimbo zenyewe nyingi zinakuja WhatsApp. Naomba zitumwe kama faili, na zisiwe zimerekodiwa kwa simu kutoka kwenye spika, kwani hapo hakuna fundi mitambo atakayeziokoa. Nasikiliza kwanza kwa hedifoni, kisha kwenye kiredio kidogo cha betri. Besi inayotikisa kuta za studio ya prodyuza haisikiki kabisa kwenye kiredio hicho, na wasikilizaji wangu wengi ndicho walicho nacho. Nikikuta sauti ya mwimbaji imezama, nampigia mwenyewe: rudini studio, pandisheni sauti, punguzeni mwangwi. Karibu wote hurudi, na wimbo huwa umebadilika kabisa.

Kuhusu fedha nilikata shauri mapema. Kijana anakuja na bahasha, "kaka, hii ya soda," na ukimtazama unaona amekopa. Namrudishia palepale. Halafu nikaanza kutangaza hewani, kila wiki, kwamba kipindi hiki hakilipiwi. Matokeo yake yalinifurahisha mno: wasichana wasio na meneja, wapiga ala kutoka Zanzibar, waimbaji wa Kigogo na Kisukuma, wote wakaanza kutuma kazi. Kumbe walikuwepo muda wote.

Sasa tumeongeza jambo ambalo RTD ililifanya kwa miaka mingi. Bendi zetu za zamani, kuanzia NUTA Jazz na nyingine nyingi, zilirekodiwa kwenye studio za redio ya taifa wakati Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Bila zile tepu tusingekuwa na zilipendwa. Nikamwomba mkuu wangu anipe studio ndogo saa ambazo haitumiki, na fundi mitambo mmoja akakubali kubaki nami. Kundi changa linaingia na ala zake, linapiga nyimbo mbili moja kwa moja bila kukatakata, tunazirusha, na linaondoka na nakala kwenye flashi bila kutoa hata shilingi. Kundi linalofuata lina kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, ngoma ya dumbaki na binti anayeimba mashairi aliyoyatunga mwenyewe. Nitaupiga wimbo wao kila jioni, wiki nzima.