Nondo wa kijani wa Gede: kumbukumbu ya mradi wangu, mwezi wa nne

Mwezi huu nimezifuta kurasa tatu za maelezo niliyokuwa nikiyaandika tangu Machi kuhusu nondo ambaye huenda ni spishi mpya, na naona ni vyema nieleze sababu kabla sijaanza upya. Kurasa zile zilianza na rangi. Niliandika kwamba bawa la mbele ni la kijani kama embe bichi, kwamba mishipa yake imepauka kidogo, na kwamba ukingo wa nje una uzi mwembamba wa manjano. Kisha nikadai kuwa kijani hicho ndicho kinachomtenga nondo huyu na jamaa zake wote. Dai hilo lilidumu hadi siku nilipofunua kopo la mchanga.

Nondo hawa nimewapata barazani kwa bibi yangu, Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao kwa eneo lake la takriban kilomita za mraba 420 ndio kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani katika Afrika Mashariki. Hutundika shuka jeupe ukutani, nikawasha taa mbele yake na kusubiri. Usiku wa mbalamwezi huja wachache mno. Wengi huja giza la mwezi, hasa pale kaskazi inapokwisha na kusi haijashika, hewa ikawa nzito kwa fukuto. Hadi sasa ninao saba, madume watano na majike wawili.

Nondo aliyekufa hukauka na kukakamaa, na ili kumtandaza mabawa ubaoni ni lazima kwanza alainishwe katika chombo chenye unyevu. Nilimlaza mmoja juu ya karatasi ndani ya kopo lenye mchanga uliolowa, nikamwacha siku mbili. Nilipofunua, kijani kilikuwa kimeondoka kwenye bawa lote la kushoto na nusu ya lile la kulia, pakabaki rangi ya nyasi kavu, isipokuwa ukanda mwembamba chini ya mshipa wa mbele ambako unyevu haukuwa umefika. Niliumia sana, maana huyo ndiye aliyekuwa mzima kuliko wote. Kijani cha Geometrinae, kundi la nondo wa kijani ambamo huyu yumo, hakihimili unyevu, na ndiyo maana wazoefu huwatandaza nondo hawa mapema, wangali laini. Hao sita waliosalia sitawatia koponi kamwe.

Siku hiyo bibi alikuja na chai ya tangawizi, akamtazama yule aliyepauka, akaniuliza, “Mjukuu wangu, huyu naye ni yule yule wa kijani?” Nikamjibu kwamba ndiye. “Basi umemjuaje, na kijani chenyewe hana?” Sikuwa na jibu la haraka. Nilimtambua kwa umbo la bawa na kwa doa lililo katikati yake, wala si kwa rangi, ilhali katika maelezo yangu doa hilo nilikuwa nimelipa nusu mstari tu.

Jambo hili lina uzito kuliko upendeleo wa mwandishi. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinadai kwamba jina jipya la spishi lililochapishwa baada ya 1930 liambatane na maneno yanayotaja sifa za kumtofautisha mnyama huyo na wengine. Kumsifu kwa uzuri wake hakutoshi. Jenasi, yaani kundi la spishi zilizo jamaa wa karibu, ninayodhani nondo huyu yumo ni Prasinocyma, iliyoasisiwa na mtaalamu wa wadudu Warren mwaka 1897, na spishi zake za Afrika ni nyingi, tena nyingi kati ya hizo ni za kijani. Anayewatazama kwa macho matupu atawaita wote ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo maelezo mapya yanaanza na vipimo. Bawa la mbele, kutoka shinani hadi nchani, lina milimita 11.5 hadi 12.3 kwa madume, na 12.8 kwa jike mkubwa. Vipapasio vya dume vina matawi pande zote mbili kama chanuo, lakini theluthi ya mwisho ni uzi mtupu. Vya jike ni uzi tangu mwanzo. Doa la katikati ya bawa ni jeusi, na chini ya hadubini linaonekana kuwa ni magamba yaliyosimama wima kidogo, hivyo hata pale rangi ilipopotea kivimbe kimebaki.

Kazi iliyonichukua siku nyingi zaidi ni ya viungo vya uzazi vya dume, ambavyo ni vigumu kama kucha na ndivyo vinavyotegemewa sana kutenganisha spishi zinazofanana. Tumbo hukatwa kwa uangalifu na kuwekwa katika haidroksaidi ya potasiamu ya asilimia 10, ambayo hula nyama na mafuta na kuacha sehemu ngumu. Usiku mzima ulitosha. Asubuhi nilisafisha magamba kwa brashi laini majini, nikavuta viungo nje kwa sindano mbili, na hapo vibano viwili vikafunguka kama ganda la mbaazi. Ukingo wa chini wa kila kibano una mwiba mmoja uliopinda kuelekea ndani. Nimewapasua madume watatu, na wote watatu wanao mwiba huo, mahali pale pale, wenye urefu wa karibu theluthi ya kibano. Niliuchora mara nne kabla mkono haujatulia.

Bado siliandiki jina. Ni lazima kwanza mwiba huu ulinganishwe na vielelezo vya asili, yaani wadudu wale wale waliotumiwa kutoa majina, vya spishi zilizokwisha kutajwa, na vingi vya Afrika vimehifadhiwa London, hivyo nimeandika barua kuomba picha. Ikithibitika kuwa ni mpya, dume mmoja atateuliwa kuwa holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, kwani kanuni zinadai kielelezo au vielelezo vya kubeba jina vitajwe wazi kwa kila spishi mpya iliyochapishwa baada ya 1999, naye ningependa akae katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako mwanafunzi wa Kenya anaweza kumfikia. Jike wa pili nitampasua giza la mwezi ujao likinipatia wa tatu.