Siku ya kuosha mizizi

Jaribio letu la minyoo fundo, minyoo midogo inayoshambulia mizizi, likifungwa, anayebaki kwenye sinki ni mimi. Wenye shahada zao hukimbilia kompyuta. Mimi nang'oa miche ya nyanya, natikisa udongo, naosha mizizi polepole isije ikakatika, kisha nailoweka kwenye rangi nyekundu. Baada ya robo saa mafungu ya mayai ya minyoo yanajitokeza kama vishanga juu ya vinundu, yaani uvimbe inaouleta mizizini. Hapo nashika kibofyo changu cha kuhesabia, naanza kuhesabu.

Fungu moja laweza kuwa na mayai mamia, na jike la Meloidogyne incognita, spishi mojawapo ya minyoo fundo, halihitaji dume kuyataga. Mnyoo fundo mchanga, urefu wake kama nusu milimita tu, hupenya karibu na ncha ya mzizi, akachoma seli chache kwa mdomo ulio kama sindano na kuzilaghai zivimbe. Hilo ndilo jiko lake. Huku juu mmea unanyauka, na mwenye shamba anaongeza maji.

Nyanya zina jeni ya kinga, Mi, iliyotolewa kwenye nyanya pori kwa uzalishaji wa kawaida miaka ya 1940. Nzuri, ila udongo ukizidi nyuzi joto 28 hulegea. Mwaka jana kidhibiti joto chetu kiliharibika siku kadhaa, na nikaja kuhesabu vinundu kwenye miche niliyoapa kwamba ni safi.

Ndiyo maana nimependa habari ya RNA, molekuli inayobeba maagizo ya jeni ndani ya seli. Mwaka 2006 watafiti walichukua 16D10, jeni ambayo minyoo hii huitumia kuivuruga mizizi, wakaufanya mmea wa Arabidopsis, mmea mdogo wa majaribio ya maabara, utengeneze RNA ya nyuzi mbili inayolingana nayo. Mnyoo akifyonza chakula, anafyonza na RNA hiyo, na mwili wake mwenyewe unaizima jeni yake. Kikulacho ki nguoni mwako! Mmea ule ulistahimili spishi nne za Meloidogyne. Tena mbinu yenyewe iligunduliwa kwa mnyoo mwingine, C. elegans, mwaka 1998.

Watu huniuliza, "Kwa hiyo minyoo imekwisha?" Wapi! Mche uliobadilishwa jeni niliouosha leo asubuhi nimeubofyia mara tisa. Tisa si sifuri, na minyoo tisa huzaa. Mche wa kawaida uliokuwa jirani yake naurudia sasa hivi tangu mwanzo, maana simu iliita nikapoteza hesabu.