Zulia la Konya na mteja wa asubuhi

Laleli, mtaa wa maduka ya jumla mjini Istanbul, umeshazoea Kiswahili. Ukishuka tu kwenye tramu utasikia "dada karibu, njoo uone" kutoka kwa vijana wa Kituruki ambao Dar es Salaam hawajawahi kuiona, ila Kariakoo wanaijua kupitia wateja wake. Dada yangu ni mmoja wa wateja hao. Anafuata magauni na mitandio, anajua nani ana mzigo mpya na nani anauza wa mwaka jana. Mimi nilikwenda kama mbeba mabegi, kwa makubaliano kwamba mzigo ukishakabidhiwa kwa watu wa kago, siku zinazobaki ni zangu. Nami shida yangu ilikuwa moja: zulia. Si haya ya mashine yanayokatwa kwa mita, bali zulia la fundo, lililofumwa na mtu.

Sikuanzia dukani. Nilianzia Makumbusho ya Sanaa za Kituruki na Kiislamu, yaliyomo kwenye jumba la zamani la Ibrahim Pasha, mkabala na Msikiti wa Sultan Ahmed. Humo yamo mazulia ya karne ya 13, enzi za Waseljuki, watawala wa Kituruki wa zama hizo, yaliyotolewa Msikiti wa Alaeddin huko Konya, mji wa katikati ya Uturuki. Yamechakaa, mengine yamebaki mapande, lakini nyekundu yake bado ni nyekundu na bluu yake bado ni bluu. Ukingoni yana pambo pana lenye umbo la herufi za Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Hapo hapo nikaamua nitakwenda Konya, hata kama dada ataona nimechanganyikiwa.

Kabla ya safari nilipita kwanza mitaa ya Sultanahmet, na huko ukitembea taratibu tu umekwisha. Kijana mmoja alinifuata akisema hauzi kitu, ananionyesha tu njia ya msikiti ambao ulikuwa mbele ya macho yangu. Hatua chache tukawa ndani ya duka la "binamu yake". Chai ikaja, ile ya kwenye vibilauri vyenye kiuno, na mazulia yakaanza kurushwa sakafuni moja juu ya jingine. Mwenye duka akatandika kazulia kanakometa, akasema ni hariri tupu, Hereke halisi, yaani la mji wa Hereke unaosifika kwa mazulia, na akataja bei ya kiwanja. Nikamwomba uzi mmoja kutoka kwenye manyoya yake tuuchome. Hariri, kama sufu, ikiungua hunuka nywele zilizoungua. Pamba hunuka karatasi. Ipo pamba inayotiwa dawa mpaka ing'ae, nayo huuzwa kwa wageni kwa jina la hariri. Yule bwana akacheka, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamaliza chai yangu, nikashukuru, nikatoka. Watu wengi wanaona haya kuondoka wakishakunywa chai ya mtu, na wauzaji wanalijua hilo. Chai ni ukarimu, si rehani. Bei aliyoitaja ilikuwa na fungu la yule kijana wa njiani ndani yake, na ndivyo ilivyo kwa maduka mengi ambayo mabasi ya watalii husimama mlangoni.

Treni yangu ya mwendokasi ya kwenda Konya iliondokea upande wa Asia wa Istanbul, na safari inachukua kama saa tano. Mwanzoni reli inafuata ufuko wa Ghuba ya İzmit na kupita Hereke yenyewe. Kiwanda cha kufuma kilianzishwa hapo miaka ya 1840, enzi ya Sultan Abdülmecid, kwa ajili ya majumba ya kifalme. Kilianza na vitambaa, mazulia yakaja baadaye. Dirishani niliona bahari, maghorofa na malori. Baada ya hapo ni milima na mahandaki, kisha Eskişehir, kisha tambarare ya ngano isiyo na mwisho. Nililala.

Konya ni mji wa watu wa dini, mtulivu, na mgeni hasumbuliwi. Kuba la kijani la kaburi la Mevlana Jalaluddin Rumi, mshairi na sufi aliyefariki mwaka 1273, linaonekana kutoka mbali, na mitaa ya jirani ina maduka ya mazulia na mabusati. Niliingia matatu. La tatu lilikuwa na mzee mmoja na mjukuu wake, na ndani kulikuwa na mama aliyekaa mbele ya kitanda cha kufumia, akifanya kazi wala hatazami mteja.

Nilimtazama yeye muda mrefu kuliko nilivyotazama mazulia. Anachukua uzi wa sufu, anauzungusha kwenye nyuzi mbili za mtande, zile zilizovutwa wima kwenye kitanda, ncha zote mbili anazitoa katikati, anavuta chini, kisu kinakata. Hilo ni fundo moja. Fundo la namna hii linaitwa la Gördes, na ndilo fundo la Kituruki. Waajemi wana lao, linalozunguka uzi mmoja tu. Mstari ukijaa anapitisha mshindio, uzi wa kukata mtande kwa upana, kisha anapiga kwa chanuo zito la chuma mpaka kitanda kizima kinatikisika. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kasi kiasi kwamba mwanzoni sikuona kisu, nilisikia tu sauti ya uzi unaokatika.

Mzee akaniita "abla", kama anavyoitwa dada huko, akaagiza chai, akauliza nataka kubwa au dogo. Hakuuliza natoka wapi mpaka baadaye. Mjukuu akaanza kutandua. Zulia la kufuma kwa mkono husomwa mgongoni, kwa hiyo kila aliloliweka nililigeuza. Mafundo ya mkono hayalingani kabisa. Ukiona mgongo umenyooka kama daftari la mistari, hiyo ni mashine. Matamvua nayo yawe ni ncha za mtande wenyewe, si utepe ulioshonewa. Halafu rangi: nilikuwa na leso nyeupe, nikailowesha kwa maji ya chupa na kuisugua kwenye nyekundu. Nyekundu nzuri ya huko hutoka kwenye mizizi ya mmea wanaouita kök boya, bluu kwenye nili, kahawia kwenye maganda ya jozi. Rangi za viwandani zilipoingia karne ya 19 ujuzi huo ulikaribia kupotea, hadi mradi wa DOBAG ulioanza mwaka 1981 ulipourudisha kwa wafumaji wa vijiji vya magharibi, karibu na Ayvacık. Leso yangu ilibaki nyeupe. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Nililolipenda lilifumwa Karapınar, upande wa mashariki wa Konya: mita 1.2 kwa 1.8, nyekundu iliyoiva, lenye pembe za kondoo dume pembeni na katikati lile umbo la mwanamke aliyeshika kiuno wanaloliita elibelinde. Mjukuu alilizungusha nusu duara, na lile zulia lililokuwa la giza likawa jekundu la kung'aa, kwa sababu manyoya yake yamelala upande mmoja. Ukinunua, litazame kutoka pande zote mbili, maana upande utakaolitandika ndio utakaokaa nao.

Nikahesabu mgongoni: mafundo manne kwa matano katika kila sentimita ya mraba. Ni kama mafundo 432,000. Mfumaji akifunga 6,000 kwa siku, bila kuugua na bila msiba, ni siku 72. Mzee akataja euro 900. Lira imeshuka thamani kiasi kwamba mazulia kwa wageni huuzwa kwa euro au dola. Nikasema 400. Akashusha hadi 750. Nikafanya tunachofanya Kariakoo: nikashukuru, nikachukua mkoba, nikatoka polepole nikisubiri kuitwa. Hakuniita. Nilifika mpaka kona ya mtaa, kimya.

Usiku nikampigia dada simu Istanbul. Akanicheka, kisha akasema: "Mwambie ukweli. Wewe mtoto wa mfanyabiashara unahangaika nini? Kesho uwe mteja wake wa kwanza."

Nilifika anainua mlango wa chuma. Kwa wenye maduka wa kule, kama kwetu, mauzo ya kwanza ya siku yana uzito wake; wanayaita siftah, na kumwachia mteja wa asubuhi aondoke mikono mitupu si jambo jema. Nikamwambia nina 500 taslimu, sitaki chai kwanza. Akatazama dari. Akasema 550. Nikasema 520 na dua. Akacheka mpaka akakohoa, akapokea noti, akazigusisha kidevuni, akasema maneno yao: "Siftah senden, bereket Allah'tan," mauzo ya kwanza yatoke kwako, baraka itoke kwa Mungu. Nikaitikia amina, kisha ndiyo tukanywa chai.

Aliniandikia risiti inayosema ni zulia jipya, la sufu, limefumwa wapi. Usiondoke bila karatasi hiyo. Sheria ya Uturuki inazuia kutoa nje vitu vya kale, na ukibeba zulia kuukuu unaweza kudaiwa hati ya makumbusho uwanja wa ndege. Mjukuu alilikunja, akalifunga kwa kamba hadi likawa dogo kuliko nilivyodhani, na nikalibeba kama begi la kawaida.

Uwanja wa Julius Nyerere, ofisa wa forodha alilibonyeza kwa kidole akauliza kama ni la biashara. Kabla sijafungua mdomo dada akajibu: "Biashara gani, kaka yangu? Huyu kanunua kitu cha kukanyaga kwa bei ya pikipiki."