Diski ya pili ilipogoma katikati ya kazi

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, send-off na kitchen party, na kuzihariri nyumbani kwangu Tabata. Mteja nikishamkabidhi video yake, mafaili ghafi siyafuti, kwa sababu watu hurudi. Anarudi binti ambaye baba yake ameshafariki, anauliza kama ile hotuba ya mzee kwenye send-off bado ipo nzima, si zile dakika mbili zilizoingia kwenye video. Huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ulifuta ili upate nafasi. Kwa hiyo naweka kila kitu. Hadi masika ya mwaka jana nilikuwa na TB 9 za kazi ya miaka saba, na zote zilikuwa sehemu moja.

Sehemu yenyewe ni kompyuta ya mezani niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika. Niliipandisha Debian, mfumo wa familia ya Linux, nikaitia diski nne za TB 4 kila moja, nikaziunga kwa programu ya mdadm ziwe safu moja ya RAID 5, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Nafasi unayopata ni TB 12, maana ukubwa wa diski moja unaliwa na hesabu ya ulinzi. Asiyeijua hesabu hiyo afikirie kikoba cha watu watatu na daftari lao. Daftari lina jumla tu. Mmoja akisahau alichotoa, unachukua jumla, unaondoa michango ya wale wawili, unaupata wake mpaka shilingi ya mwisho. Wakisahau wawili kwa mpigo, daftari halina la kukuambia. RAID 5 ndivyo ilivyo, ila kazi ya daftari inazunguka kwa zamu kwenye diski zote nne.

Usiku mmoja wa mvua nilikuwa nahariri, umeme ukakatika na kurudi mara nne ndani ya nusu saa. UPS yangu betri ilikuwa imechoka, haikushika hata dakika moja. Kompyuta ilipowaka mara ya mwisho nikasikia sauti kutoka ndani ya boksi: tak, tak, tak, kimya, kisha tena tak, tak, tak. Nikafungua /proc/mdstat, faili linaloonyesha hali ya safu, nikakuta mstari huu:

[4/3] [UU_U]

Kila U ni diski iliyo kazini. Kistari ni diski iliyoanguka. Ya tatu, ambayo mashine inaiita sdd, ilikuwa imekufa kifo cha chuma, kichwa kinagonga na hakisomi kitu. Mafaili yote bado yalifunguka, kwa hiyo sikupata hofu kubwa. RAID ilikuwa inafanya kile nilichoiwekea.

Kesho yake nikaenda Kariakoo kununua diski nyingine. Niliomba isiwe ya SMR, zile ambazo njia za data zimelaliana kama mabati ya paa, ukiandika mstari mmoja inabidi jirani yake naye aandikwe upya. Kwenye kazi ya kujenga safu upya zinasota mno. Muuzaji akanipa moja, akaniambia, "Bosi wangu, hiyo mpya kabisa, mfuko wenyewe haujafunguliwa." Nilipofika nyumbani nikaiuliza diski yenyewe kwa smartctl. Saa za kuwaka: 25,310. Mwaka mzima una saa 8,760. Hiyo diski ilikuwa imeshafanya kazi karibu miaka mitatu mahali fulani kabla ya kuvalishwa mfuko. Nikairudisha jioni ileile nikiwa na picha ya skrini kwenye simu, wakanibadilishia bila ubishi. Ya pili nikaipima palepale dukani kwa laptop yangu kabla ya kuondoka. Tangu hapo sinunui diski bila kwenda na laptop na waya wa USB.

Saa tatu asubuhi iliyofuata nikaiingiza kwenye safu, mdadm akaanza kuijenga upya. Kasi ilikuwa kama MB 110 kwa sekunde, hesabu ikasema saa kumi hivi. Nikakaa nahariri kwenye laptop, kila baada ya muda nachungulia asilimia. Saa tisa alasiri ilikuwa asilimia 61. Nilipochungulia tena, mstari ulikuwa umebadilika:

[4/2] [UU__]

Diski ya nne, sde, nayo ilikuwa imetolewa. Folda zikawa zinafunguka tupu, na kila faili nililogusa lilirudisha hitilafu. Hapo mikono ilitetemeka. Sikuwa nafikiria diski, nilikuwa nafikiria nyuso. Kuna mama mmoja wa Kigogo ambaye wiki mbili nyuma alinipigia akitaka sauti ya mumewe, nikamwambia aje mwisho wa mwezi, ipo.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika amri ya mdadm --create, kwa kuwa nilikumbuka kuna mtu aliwahi kuitumia kuunda safu upya juu ya diski zilezile. Kabla sijabonyeza nikampigia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayehudumia seva za ofisi mjini. Hata salamu hatukumaliza.

"Shem, umeshaandika chochote kwenye hizo diski?"

"Bado."

"Basi toa mikono. Zima mashine, usiwashe mpaka nifike."

Anaishi Kigamboni. Alivuka na pantoni, akachukua bodaboda, kwangu akafika saa moja na nusu usiku akiwa na begi la vifaa na UPS ya ofisini kwake. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa cha kompyuta. Alichomoa diski zote, akabandika plasta kila moja, akaandika kwa kalamu ya wino mzito namba ya kiwandani iliyochapwa juu yake pamoja na nafasi iliyokuwapo. Alinieleza kwamba majina kama sdb na sde yanahama kila unapowasha au kubadilisha waya, ila namba ya kiwandani haihami. Kuhusu --create alinikemea kwa upole: ukikosea mpangilio wa diski au kipimo kimoja tu, unaandika vichwa vipya, yaani maelezo ya safu yaliyo ndani ya kila diski, juu ya vile vya zamani, na mdadm akianza kusawazisha anaharibu na data.

Kisha tukasoma vichwa vya diski kwa mdadm --examine, amri ambayo inasoma tu. Kila diski ya safu hubeba hesabu ya matukio, namba inayopanda kadiri safu inavyobadilika. sdb na sdc zilikuwa 18842. sde ilikuwa 18839. Shemeji akanionyesha kwa kidole: tofauti ni tatu. Maana yake sde haikuachwa nyuma kwa siku wala saa, ilitoka dakika ileile. Haijafa hii, alisema, imefukuzwa.

Na kufukuzwa kwenyewe kulikuwa na sababu ambayo ningependa kila mwenye seva ya nyumbani aijue. Diski za kompyuta za kawaida zikikuta sekta mbovu, yaani kipande kidogo cha diski kisichosomeka, hung'ang'ana kuisoma, zinaweza kukaa dakika nzima au zaidi. Linux kwa kawaida huipa diski sekunde 30. Zikipita, inadhani diski imeganda, inakata mawasiliano na kuanza upya, na isipojibiwa inaitupa nje. Diski za NAS, zile zinazotengenezwa kwa hifadhi za diski nyingi, zimepangwa zikate tamaa baada ya sekunde kama saba, ili RAID itafute jibu kwa diski nyingine. Zangu hazikuwa na mpango huo. Sekta chache mbovu, kwenye diski yenye TB 4 nzima, zilitosha kuangusha safu yote kwa sababu ya subira ya sekunde 30.

Uamuzi ukawa huu: sde haisomwi tena kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa kunakiliwa. Nakala ingekwenda kwenye ile diski mpya, ambayo sasa ndiyo ilikuwa na jina la sdd, na ujenzi wake wa asilimia 61 haukuwa na faida tena. Tukaipa sde sekunde 180 za subira, tukaanza na GNU ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

ddrescue -d -f -n /dev/sde /dev/sdd ramani.map

Kinachotangulia ni chanzo, kinachofuata ni mahali pa kuandikia. Ukivigeuza umejifutia mwenyewe. Mimi nilisoma namba za kwenye plasta kwa sauti, yeye akazilinganisha na skrini, kisha tukabadilishana tukarudia. Ndipo nikabonyeza.

Uzuri wa ddrescue ni kwamba haigombani na pabaya. Inachukua kwanza yote yanayosomeka kirahisi, mahali pagumu inapita na kuweka alama kwenye ile ramani, inarudi baadaye. Ramani tuliiweka kwenye flashi. Joto la diski lilikuwa nyuzi 52, tukafungua boksi na kuelekeza feni ya mezani, likashuka mpaka 41. Kuna jirani aliyepita akashauri tuitie diski kwenye friza, alisikia inasaidia. Kwa hewa ya Dar hilo ni balaa: ikitoka humo inatoka jasho kama chupa ya soda, na unyevu huo unaingia kwenye umeme wake.

Saa nane usiku umeme ukakatika tena. UPS ikaanza kulia. Shemeji alikuwa amelala kwenye kochi, nikasimamisha ddrescue kwa Ctrl-C na kuzima mashine taratibu kama alivyonielekeza, nikakaa gizani na flashi mfukoni. Umeme ulirudi saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Tukalinganisha tena namba za plasta na majina, nikarudia amri ileile neno kwa neno, ddrescue ikasoma ramani na kuendelea pale ilipoachia, hata gigabaiti moja haikurudiwa. Kwa mji unaokatika umeme, faili hilo dogo la ramani ndilo lililobeba kazi nzima.

Duru ya kwanza iliisha kabla ya adhuhuri ikiwa imebakiza zaidi kidogo ya MB 1. Tukaanzisha ya pili, safari hii bila -n, inayoiambia iache sehemu ngumu, na kwa kurudia mara tatu kwenye sehemu ngumu. Ilipunguza mpaka KB 12. Hapo ikagoma kabisa. KB 12 kati ya TB 4.

Tukachomoa sde ya asili na kuihifadhi kwenye droo, kwa kuwa nakala na asili zina utambulisho mmoja na hazitakiwi kuonekana pamoja kwenye safu. Pia ilikuwa akiba yetu: tukiharibu nakala, asili ipo. Kisha:

mdadm --assemble --force --readonly /dev/md0 /dev/sdb /dev/sdc /dev/sdd

Mstari ukatokea: [4/3] [UU_U]. Ni ule ule ulionipa habari ya msiba siku tatu nyuma. Sasa niliuangalia nikamshika shemeji bega. Tukafungua mafaili kwa kusoma tu, bila kuiruhusu ext4, mfumo unaopanga mafaili kwenye safu, irudie kumbukumbu zake, na folda zikawa na majina yake yote, mwaka kwa mwaka.

Sikukimbilia kujenga safu upya. Niliazima diski mbili za nje, nikanakili kwanza kazi za familia ambazo najua zimefiwa. Ninazo kwenye daftari. Sauti ya yule mzee wa Kigogo ilikuwa ya kwanza kabisa. Niliisikiliza yote, dakika kumi na nane, anamshika bintiye mkono huku anamweleza namna ya kuishi na mawifi.

Baadaye nilipitisha kila video kwenye ffmpeg kutafuta penye kasoro, kazi ya siku nne. Kwa kuwa safu ilikuwa inakosa diski moja, kila kipande kilichopotea kingeweza kugusa sehemu mbili. Ilipatikana video moja tu iliyoumia, send-off ya Mbagala: wakati wa kukata keki picha inavunjika vigae kwa nusu sekunde. Niliwapigia wenyewe nikawaambia.

Bado nilitaka kujua zile sekta zilikuwa mbovu tangu lini, na mbona sikuwahi kuonywa. Jibu nililipata kwenye ratiba ya Debian. Toleo nililokuwa nalo linapanga kuikagua safu yote, sekta kwa sekta, usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa saba kasoro dakika tatu. Ukaguzi huo ukikuta sekta isiyosomeka wakati diski zote zipo, RAID inaikokotoa na kuiandika upya, yameisha. Mimi nilikuwa nazima seva kila usiku saa tano ili kuokoa uniti za LUKU. Miaka yote ile ukaguzi haukufanyika hata mara moja. Kuna harusi za mwaka wa kwanza ambazo hazikuwa zimesomwa na chochote tangu siku nilipozihifadhi, na mara ya kwanza diski kuombwa izisome zote ilikuwa siku ambayo mwenzake ameshakufa.

Safu mpya ni ya RAID 6, diski tano, inavumilia mbili zikifa, na subira ya sekunde 180 imewekwa iwake na mashine. Ukaguzi nimeuhamishia Jumapili saa tatu asubuhi, nikiwa macho. Na nakala ya pili ya kila kitu iko Kigamboni kwa shemeji. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi naifunga diski kwenye kanga, naitia kwenye begi la mgongoni, nalivalia kifuani, navuka nayo pantoni.